Mgeni au Mfanyakazi? Uhakiki wa Masharti ya Kualika Wanamuziki katika Mikahawa ya Muhokya, Wilaya ya Kasese

Ikisiri

Makala haya yanahakiki masharti ambayo kwayo wanamuziki hualikwa kutumbuiza katika mikahawa midogo ya mitaani, kwa kuangalia mji wa Muhokya na njia inayouunganisha na Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba masharti ya malipo si jambo lililo nje ya sanaa. Ndiyo yanayoamua idadi ya wapigaji, ala zitakazoletwa, lugha ya wimbo na hata kama mwimbaji ataimba utungo wake au wa mwingine. Uhakiki wa Kiswahili, uliozoea kugawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, umeyaacha masharti hayo kwa wanauchumi na wanasheria. Makala yanalinganisha mifano kutoka Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, yanachambua msamiati wa Kiswahili wa kualika na kulipa, yanafanya hesabu ya mfano ya jioni moja, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera na wenye mikahawa.

1.0 Utangulizi

Muhokya iko kusini mwa mji wa Kasese, kwenye barabara kuu iendayo Mbarara. Mbele kidogo iko njiapanda ya Kikorongo, ambapo tawi moja la barabara hushika magharibi kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ng'ambo yake ikiwa Kasindi ya Kongo. Upande mmoja wa mji ni miteremko ya Rwenzori, yenye mashamba ya Wakonzo. Upande mwingine ni Ziwa George, malisho ya Wasongora na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kiswahili cha eneo hili hakikungoja sera. Kilikuja na reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe, na chumvi ya Katwe, na askari, na madereva, na wachuuzi wa mpakani. Ndiyo maana katika meza moja ya chai mtu anaweza kusikia Kikonzo, Kiswahili, Luganda na Kilingala kabla kikombe hakijapoa.

Eneo hili hulima kahawa aina ya arabika, na vyama vya ushirika kama Bukonzo Joint cha Kyarumba vimeifikisha kahawa ya Rwenzori katika masoko ya mbali. Hata hivyo Uganda husafirisha nje sehemu kubwa mno ya kahawa yake, na katika migahawa mingi ya nchi hiyo kinywaji cha kawaida ni chai ya maziwa. Neno mkahawa limebeba kahawa tumboni mwake, lakini kahawa yenyewe imekwisha kupanda lori. Mkahawa unaouza kahawa ya jirani kwa jirani, na unaotaka kumweka mpigaji gita kando ya meza jioni ya Jumamosi, unajaribu mambo mawili kwa pamoja: kurudisha kahawa nyumbani na kurudisha muziki mikononi mwa watu waliopo.

Kwa muziki wa jukwaani, makala haya yanakusudia muziki unaopigwa na watu walio mbele ya wasikilizaji, usiotoka katika simu wala kipaza sauti cha kuunganishwa na simu. Jukwaa hapa si lazima liwe la mbao. Pembe ya chumba iliyosogezwa viti inatosha. Makala hayachunguzi mkahawa mmoja kwa jina lake. Yanachunguza mpango wenyewe: nani anamwita mpigaji, kwa maneno gani, kwa ahadi gani, na ahadi hiyo inaufanya nini muziki.

2.0 Pengo katika uhakiki wetu

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Chini ya fani huorodhesha muundo, mtindo, lugha, wahusika na mandhari. Chini ya maudhui huorodhesha dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa. Mgawanyo huu umesaidia vizazi kusoma kwa utaratibu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walikwisha kutukumbusha kwamba sanaa ya Kiafrika haiishi katika maandishi pekee, bali katika kutendwa mbele ya hadhira. Lakini hata tulipokubali kwamba wimbo ni tendo, tuliendelea kuliandika tendo hilo kana kwamba mtendaji hali, hasafiri wala halipi kodi ya chumba.

Watafiti wengine walilitazama jambo hili kwa karibu zaidi. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), aliujadili ufadhili wa washairi kama sehemu ya maelezo ya ushairi wenyewe. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), alionyesha kwamba kumtunza mwimbaji wa taarabu ni lugha kamili ambayo kwayo msikilizaji, hasa mwanamke, huutumia wimbo kusema lake. Alex Perullo, katika Live from Dar es Salaam (2011), aliifuata fedha ya muziki kutoka ukumbini hadi redioni na sokoni. Kazi zote tatu zimeandikwa kwa Kiingereza, nasi hutaja majina ya waandishi wake katika utangulizi kisha tukarudi kwenye tamathali za usemi. Matokeo yake ni kwamba tunaweza kueleza kwa nini mshairi alitumia takriri, lakini hatuwezi kueleza kwa nini kundi la watu sita liligeuka kuwa mtu mmoja mwenye gita.

Ninapendekeza tuyasome masharti kama kipengele cha fani. Masharti ni makubaliano, yawe ya mdomo au ya maandishi, yanayoamua nani atapiga, kwa muda gani, mbele ya nani, kwa malipo yapi na kwa hasara ya nani mambo yakiharibika. Kama vile idadi ya mizani hubana shairi, ndivyo masharti yanavyoubana muziki kabla ya noti ya kwanza.

3.0 Masharti huunda umbo: mifano ya ukanda

Kabla ya kurudi Muhokya, inafaa kuona jinsi kanuni hii ilivyofanya kazi mahali ambapo historia yake inajulikana vizuri. Mifano minne inatosha, kwa kuwa kila mmoja unaonyesha namna tofauti ya kumlipa mwanamuziki.

Wa kwanza ni uanachama. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikua kama klabu ya watu waliopenda taarabu na waliokuwa na shughuli nyingine za kuwalisha. Kundi lenye fidla nyingi, kanuni, udi, akodiani na waimbaji kadhaa ni ghali mno kwa mtu anayenunua jioni moja. Liliwezekana kwa sababu hakuna aliyelinunua kwa jioni. Ada, heshima na udugu wa klabu vilibeba gharama. Miaka ya 1990, makundi ya taarabu ya kisasa kama East African Melody yalipoingia katika biashara ya kumbi na kanda, kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya safu nzima ya ala. Wako waliolaumu ladha ya vijana. Lawama hiyo inasahau kwamba kinanda kimoja hakidai nauli kumi.

Wa pili ni mshahara. Bendi kubwa za dansi za Dar es Salaam zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana wa chama tawala, na Mlimani Park Orchestra ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mshahara wa mwezi uliwezesha wapulizaji tarumbeta na saksafoni kuwepo hata usiku ambao ukumbi ulikuwa nusu tupu. Nyimbo ndefu zenye sehemu mbili, ya kwanza ya kusimulia kisa taratibu na ya pili ya kuchangamsha, zilikuwa na muda wa kukua kwa sababu wapigaji walikuwa na kazi, si vibarua.

Wa tatu ni mlango. Katika kumbi na baa nyingi za jiji hilo hilo, bendi ilichukua kiingilio na mwenye baa alichukua mauzo ya vinywaji. Mpango huu unaonekana wa haki, lakini haugawi hatari sawasawa. Mvua ikinyesha, mwenye baa bado ana kreti zake za kuuza kesho. Bendi haiwezi kuuza kesho jioni iliyopotea leo.

Wa nne ni mdhamini. Jean-Bosco Mwenda, mpigaji gita wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupiga katika kipindi cha redio kilichodhaminiwa na kampuni ya vidonge vya Aspro. Mtu mmoja, gita moja, sauti ya kuzungumza na msikilizaji wa karibu: hili ndilo umbo ambalo mkahawa mdogo wa leo hulitamani. Lakini hata upweke ule wa gita haukuwa bila mlipaji. Nyuma yake ilisimama kampuni yenye bidhaa ya kuuza.

Katika mifano yote minne umbo la muziki halieleweki bila kumjua aliyebeba gharama. Swali la Muhokya basi ni hili: katika mkahawa wa mtaani, nani anaibeba?

4.0 Kualika, kutunza, kulipa

Jibu limefichwa katika maneno. Kwa Kiswahili cha kawaida, gari hukodiwa, fundi huajiriwa au hupewa kazi, lakini mwanamuziki hualikwa. Kitenzi hiki kina adabu nzuri, na ndani yake mna mtego. Anayealikwa ni mgeni. Mgeni hupewa kiti, chakula na maneno mema, hatoi bili. Akidai fedha mwisho wa jioni, yeye ndiye anayeonekana kuvunja adabu, wala si aliyemwita. Wahenga walikwisha kuuona ugumu huo waliposema kwamba mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Mwanamuziki wa mkahawa hupewa jembe siku ya kwanza, kisha huambiwa bado ni mgeni.

Neno la pili ni tuzo. Kumtunza mwimbaji ni desturi yenye heshima kutoka Lamu hadi Bujumbura, na si lengo la makala haya kuibeza. Chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo tuzo na ujira ni vitu viwili. Tuzo hutoka kwa hiari ya mpaji, baada ya tendo, kwa kipimo cha furaha yake. Ujira ni haki ya mtendaji, hutajwa kabla ya tendo, na haupungui kwa sababu meza ya tatu ilikuwa na huzuni. Mahali ambapo tuzo imechukua nafasi ya ujira, mwimbaji huimba kinachotunzwa. Atapiga wimbo wa rumba ambao kila dereva anaujua, kwa kuwa wimbo unaojulikana hufungua pochi upesi kuliko utungo mpya wa Kikonzo kuhusu mgogoro wa shamba. Mhakiki akija baadaye na kusema kwamba vijana wa Kasese hawatungi, wanaiga tu, atakuwa amelitazama tunda bila kuutazama mti.

Neno la tatu ni mlango, na la nne ni soda. Mtu huambiwa atapata mlango, katika chumba ambacho hakina mlango wa kutoza kiingilio, kwa kuwa jirani aliyekuja kunywa kikombe kimoja hatalipa kuingia mahali anapoingia kila siku. Au huambiwa atakunywa na kula bure, na jina lake litajulikana. Jina likishajulikana bila bei, linajulikana kuwa la bure.

Kiswahili hakikosi msamiati wa upande wa pili. Tuna ujira, kianzio, arubuni, masurufu, nauli, fidia na makubaliano. Maneno haya yote yanatumika sokoni, bandarini na katika ujenzi. Hayatumiki kandokando ya muziki kwa sababu tumezoea kuuona muziki kuwa karama, na karama, kwa mazoea hayo, haiulizwi bei.

5.0 Hesabu ya jioni moja

Kabla ya kumlaumu mwenye mkahawa, tumpe haki ya hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, zimewekwa ili kuonyesha uwiano. Chukua mkahawa wenye viti 25. Jioni isiyo na muziki huuza vikombe 25 kwa shilingi 2,500 za Uganda, yaani 62,500. Jioni ya muziki watu hukaa zaidi na kuagiza tena, vikombe vinakuwa 50, yaani 125,000. Muziki umeongeza 62,500. Toa theluthi moja kwa kahawa, maziwa, sukari, mkaa na mhudumu wa ziada. Zinabaki takriban 41,000. Mwenye mkahawa akitoa 40,000 kwa mpigaji, yeye mwenyewe amebaki karibu pale pale alipokuwa.

Sasa tumhesabie mpigaji. Akitoka Bwera na gita lake, kwa teksi hadi Muhokya na kwa bodaboda usiku, tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 20,000. Amebakiwa na 20,000 kwa jioni, bila kuhesabu nyuzi za gita wala saa za mazoezi.

Tumhesabie na mwingine. Endara, marimba ya Wakonzo ambayo vibao vyake hulazwa juu ya migomba, huchezwa na watu kadhaa kwa pamoja, na huweza kuandamana na ngoma na filimbi za eluma, ambazo nazo hujenga wimbo kwa kupokezana sauti kati ya wapulizaji. Ukiwaita watu sita kwa masharti yale yale, nauli peke yake ni 120,000, mara tatu ya fedha yote iliyopo. Hapa ndipo hoja ya makala inapoonekana kwa macho. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba endara isipigwe katika mkahawa. Hakuna aliyesema kwamba gita ni bora. Masharti ya jioni moja, mpigaji mmoja, nauli juu yake mwenyewe yameamua kimyakimya kwamba muziki wa kupokezana, ambao maana yake yote imo katika kuhitajiana, hauna kiti. Baada ya miaka michache tutaandaa kongamano juu ya kutoweka kwa ala za jadi na kuutaja utandawazi.

Lakini hesabu hiyo hiyo, masharti yakibadilishwa, hutoa jibu jingine. Mikahawa mitatu ya Kasese, Muhokya na Bwera ikikubaliana kumwita mpigaji mmoja kwa jioni tatu mfululizo, na kumpa malazi kwa zamu, mfuko unakuwa 120,000 na nauli ya mzunguko mmoja, tuseme, 30,000. Anabakiwa na 30,000 kwa jioni badala ya 20,000, na hakuna mkahawa ulioongeza hata shilingi. Vivyo hivyo, mikahawa mitatu iliyo jirani na soko ikichanga 40,000 kila mmoja kwa alasiri ya siku ya soko, na iwapo kila mmoja utapata ongezeko lile lile la wateja, wapigaji sita wa endara wanaotoka vijiji vya karibu na wanaorudi kwa miguu hupata 20,000 kila mmoja, sawa na mpiga gita wa jioni moja. Ala haikufa kwa uzee. Ilikuwa inaitwa saa mbaya, mahali pabaya, na mtu mmojammoja.

6.0 Sheria inalinda nini

Watunga sera huweza kusema kwamba Uganda ina sheria ya kutosha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, na inampa mtendaji haki juu ya kurekodiwa na kutangazwa kwa utendaji wake. Chama cha UPRS hukusanya mirabaha kwa niaba ya wenye haki. Kanuni za mwaka 2003 za viwango vya kelele hulinda usingizi wa majirani. Kila chombo kati ya hivi kina kazi yake. Lakini vikitazamwa pamoja, vinalinda wimbo uliokwisha kutungwa, sauti iliyokwisha kunaswa na sikio la asiyetaka kusikia. Jioni yenyewe, saa mbili za kazi ya mtu aliyeketi pembeni mwa chumba, imeachiwa makubaliano ya watu wawili.

Makubaliano hayo si kitu dhaifu kisheria kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inakubali mkataba wa mdomo. Inachodai ni kwamba mkataba unaozidi vipimo 25 vya fedha, yaani shilingi 500,000, uwe kwa maandishi. Jioni ya shilingi 40,000 iko chini sana ya kiwango hicho. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo mbele ya birika ni mkataba kamili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inautambua ujumbe wa kielektroniki, na utaratibu wa madai madogo uliowekwa na kanuni za mwaka 2011 unaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10 kusikilizwa kwa njia nyepesi, wadai wakijisemea wenyewe. Kwa hiyo tatizo la mpigaji wa Muhokya si kukosa haki. Ni kukosa maneno ya kuithibitisha, katika lugha ambayo yeye na mwenye mkahawa wanaielewa sawasawa.

Hapa sera ya lugha na sera ya utamaduni zinakutana. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mpigaji wa Butembo anayezungumza Kinande na mwenye mkahawa wa Bwera anayezungumza Kikonzo wanaelewana bila mkalimani, kwa kuwa lugha zao ni ndugu wa karibu. Lakini makubaliano yao yakihitaji kusomwa na mtu wa tatu, iwe Kasese au Kampala, Kiswahili ndicho kiko tayari mkononi mwao. Tumetumia nguvu nyingi kusanifu istilahi za sayansi na bunge. Hatujaandaa kurasa mbili za maneno ya kumkodi mpiga gita.

Gharama ya upungufu huu ilionekana wakati wa janga la korona. Burudani za hadhara nchini Uganda zilizuiwa tangu Machi 2020, na shughuli za usiku zilifunguliwa tena Januari 2022. Mwalimu aliyefungiwa shule angeweza kuonyesha barua ya ajira. Mwanamuziki aliyeishi kwa mialiko angeonyesha nini? Mwaliko uliokwisha kusemwa haumwachii mtu karatasi.

7.0 Pingamizi la ujirani

Lipo pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Mkahawa wa mtaani si hoteli ya watalii. Mwenye mkahawa na mpigaji huenda walisoma darasa moja, huzikana na huchangiana harusi. Ukileta karatasi katikati yao, husemwa, umeleta shaka. Na mwenye mkahawa akiogopa madai atarudi kwenye simu na spika yake, ambavyo havili wala havidai nauli. Mkataba utaua kile unachotaka kukilinda.

Pingamizi hili lina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba ujirani ni mtaji wa mkahawa, na kwamba sharti zito kupita uwezo wa viti 25 litafunga jukwaa. Lakini ujirani wa Kiafrika Mashariki haujawahi kuwa bila masharti. Ushirika wa kulima kwa zamu una hesabu ya siku. Chama cha mazishi kina daftari. Vyama vya kuweka na kukopa vya wakulima wa kahawa vinaandika hadi shilingi ya mwisho, na ndivyo vinavyodumu. Watu huandika si kwa sababu hawaaminiani, bali ili imani isibebeshwe mzigo wa kumbukumbu. Kinachovunja ujirani ni saa nne ya usiku, wateja wamekwisha kuondoka, watu wawili wanaoheshimiana wakikumbuka tarakimu mbili tofauti.

Isitoshe, mkahawa una jambo ambalo baa haina: maneno husikika. Katika baa, muziki hushindana na chupa na televisheni. Katika mkahawa, mwimbaji asiye na kipaza sauti anaweza kusimulia kisa cha beti kumi na mbili na mzee wa meza ya nyuma akamrekebisha jina la mto. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi hapa ni mahali adimu, ambapo utungo wa Kikonzo au wa Kiswahili cha mpakani unapimwa na masikio yanayoujua. Mahali hapo pakifungwa, au pakigeuka pa kuigiza nyimbo za redio, hasara haitaandikwa katika takwimu yoyote.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kati ya mwenye mkahawa na mwanamuziki kuna kipengele cha sanaa ambacho uhakiki wetu haujakipa jina. Uanachama ulijenga okestra ya taarabu, mshahara ukajenga bendi ya dansi, mlango ukahamishia hatari kwa mpigaji, udhamini ukambeba mpiga gita wa pekee, na mwaliko usio na bei unaifukuza endara kutoka Muhokya bila mtu kutamka neno. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, kwa wahakiki na walimu: uchambuzi wa utendaji wowote ujumuishe masharti yake. Mwanafunzi anayerekodi wimbo aulize pia nani aliita, kwa ahadi gani, na nini kilibadilika katika wimbo kwa sababu ya ahadi hiyo.

Pili, kwa washauri wa sera za wilaya na za taifa: kabla ya kujenga kumbi mpya, wasaidie kuunganisha mikahawa iliyopo katika mzunguko wa Kasese, Muhokya na Bwera, na alasiri za siku za soko kwa makundi ya ala za jadi. Ruzuku ya nauli kwa makundi hayo ni ndogo kuliko gharama ya tamasha moja la mwaka, na huleta muziki mara nyingi zaidi.

Tatu, kwa vyombo vya Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: itolewe mifano mifupi ya makubaliano inayoweza kutumwa kwa simu. Haihitaji lugha ya mahakama. Mfano: "Jumamosi hii, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, Muhokya. Vipindi vitatu vya nusu saa. Ujira shilingi 40,000, nauli ikiwemo. Nusu leo, nusu kabla ya kuondoka. Chakula ni juu ya mkahawa. Tuzo zote ni za mpigaji. Kurekodi ni kwa ruhusa yake. Mkahawa ukiahirisha baada ya Alhamisi, nusu ya kwanza hairudi." Mpigaji akijibu "Nimekubali", kazi imeandikwa.

Ujumbe huo hauondoi adabu ya mwaliko. Mgeni bado atapewa kiti, na chanda chema bado kitavikwa pete. Unachoongeza ni kwamba mtu aliyekuja kufanya kazi anajua hivyo, aliyemwita anajua hivyo, na wimbo unaweza kuanza bila mmoja wao kuhesabu vikombe kwa jicho la pembeni.